Usitukane Wakunga: Uzazi wa Pwani katika Miaka ya Maradhi

Wahenga wametuachia methali isemayo: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Siku hizi methali hii hutupiwa kila mtu. Huambiwa kijana anayemdharau fundi aliyemfunza kazi, huambiwa mwanasiasa anayewasahau wapiga kura, huambiwa hata mteja anayegombana na muuza duka wa mtaani kwake. Imezunguka sana hata imesahau nyumba ilikozaliwa. Ni wachache wanaoitamka huku wakimfikiria mkunga mwenyewe: mwanamke aliyegongewa mlango usiku wa manane, akajitanda, akaifuata taa ya mtu aliyetumwa kumwita, akaingia katika chumba ambamo roho mbili zilikuwa zikingoja mikono yake.

Makala haya yanakusudia kuirejesha methali hiyo nyumbani kwake, na kuisoma katika nyakati ambazo ukweli wake ulipimwa kwa ukali zaidi, yaani miaka ya maradhi ya kuambukiza. Kila maradhi kama hayo yanapoingia katika nchi, amri ya kwanza ni ile ile, iwe karne ya kumi na tisa au hii yetu: watu waachane, kila mtu akae mbali na mwenziwe. Uzazi nao una amri yake isiyobadilika: mtu asogee karibu. Mtoto hapokelewi kwa mbali. Baina ya amri hizo mbili zinazopingana ndipo aliposimama mkunga, kizazi baada ya kizazi. Historia ya maradhi ya pwani imehesabu majahazi, makaburi na visima, lakini haijapita vya kutosha katika chumba cha uzazi.

MKUNGA NA KUNGA

Neno mkunga limekaa jirani na neno kunga, yaani siri, au ujuzi ambao hausemwi hadharani. Jirani yao wa tatu ni kungwi, anayewafunda wari. Haihitaji mtu awe bingwa wa isimu ili ahisi undugu wa maneno haya. Kazi ya mkunga wa jadi katika visiwa na miji ya pwani ilikuwa ni kunga kweli kweli: kulipapasa tumbo na kujua mtoto amelala vipi, kuutofautisha uchungu wa uwongo na uchungu wa haki, kupokea, kukata kitovu, kungojea zalio litoke na kuhakikisha halikubakia ndani, kumkanda mzazi kwa maji ya moto, na kumtazama yeye na kichanga chake mpaka zitimie siku arubaini. Elimu hiyo ilipita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu, kwa mkono na kwa jicho. Haikuandikwa, kwa sababu heshima yake ilikuwa ni kutotangazwa.

Mmoja katika wachache walioufungua mlango huo kidogo kwa kalamu ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Anaeleza namna uzazi ulivyokuwa katika majumba ya kifalme ya Unguja: wakunga walioletwa kutoka India walivyopendelewa kuliko wa hapa, mzazi alivyokuwa haachwi peke yake, kichanga kilivyoviringishwa nguo na kulindwa kwa hirizi, na zile siku arubaini zilivyochungwa. Salme hakuwasifu wakunga hao, bali aliwaona kuwa na ujinga mwingi. Hata hivyo, shahidi anayelaumu ni shahidi bado. Kutokana naye tunajua kwamba chumba cha uzazi kilikuwa milki ya wanawake, na kwamba tabibu mwanamume, awe Mwarabu, Mhindi au Mzungu, hakuwa na nafasi ndani yake.

Salme huyo huyo alifiwa na mama yake, Jilfidan, mwaka 1859, katika kipindupindu kilichoipiga Zanzibar mwaka ule. Kwa hiyo hata katika kitabu kile kimoja, uzazi na maradhi ya kuenea vimekaa chini ya sakafu moja.

MAJI

Kipindupindu kiliifikia Zanzibar zaidi ya mara moja katika karne ya kumi na tisa. Kile cha 1858 na 1859 kilishuka pwani nzima. Msafiri Richard Burton, alipofika Kilwa mwanzoni mwa 1859, alikuta maiti zilizokosa wa kuzizika. Wapenzi wa ushairi watakumbuka kwamba ni katika miaka hiyo, karibu na 1858, ambapo Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia unaojulikana kwa jina lake. Maradhi yake hayakuwa kipindupindu, lakini wakati wake ulikuwa ni wakati ambao mama mwenye busara hakuahirisha wasia.

Kilichofuata, cha 1869 na 1870, ndicho tunachokijua kwa undani zaidi, kwa sababu alikuwapo mtu wa kukiandika. Daktari James Christie alikuwa akifanya kazi ya utabibu Unguja, na mwaka 1876 alichapisha London kitabu kizima juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika ya Mashariki. Christie alikuwa mchunguzi hodari. Aliwauliza watu wa misafara na manahodha, akaufuata ugonjwa nyuma kwa nyuma, kutoka Unguja mpaka Pangani, kutoka Pangani mpaka nchi ya Wamasai, na kutoka huko mpaka kaskazini upande wa Habeshi na Bahari ya Shamu. Aliona pia jambo ambalo wakati ule lilikuwa bado na ubishi mkubwa: kwamba maradhi yale yalishikana na maji. Mabaniani waliokuwa wakijitekea maji yao wenyewe, bila kuchanganyika na wengine, waliguswa kwa uchache kuliko majirani zao. Robert Koch alikuwa bado hajakitambulisha kimelea cha kipindupindu, jambo lililokuja kutimia miaka ya 1883 na 1884.

Kitabu cha Christie ni kitabu cha njia, bandari na visima, na chumba cha uzazi kimebaki nje ya kurasa zake. Lakini mtu akiyaweka pamoja mambo mawili yanayojulikana, yaani kazi ya mkunga na tabia ya ugonjwa wenyewe, ataweza kuona alichokabiliana nacho mwanamke huyo katika mwezi ule wa Disemba 1869.

Kwanza ni kuutambua ugonjwa. Kipindupindu huanza ghafla, kwa kuhara na kutapika, kisha hufuata mikakamao ya misuli ya tumbo na miguu. Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi naye hutapika, naye tumbo lake hukaza na kulegea. Mkunga aliyeitwa usiku aliingia katika chumba bila kujua ni kipi kati ya viwili kilichomwita. Mara nyingi viliweza kuwa vyote viwili, kwani mwili uliokaukiwa na maji humtupa mtoto. Mimba hutoka, au mtoto hufia tumboni, mara nyingine katika siku ile ile mama aliyoshikwa. Mkunga alikwenda kupokea, akajikuta anaosha maiti, pengine mbili.

Pili ni maji. Hakuna uzazi bila maji, na hakuna kazi ya mkunga isiyoanza na kumalizika kwayo. Hapo ndipo ilipo ajabu ya historia hii. Maji ya kumkandia mzazi yalichemshwa, kwa desturi iliyotangulia elimu yoyote ya vimelea, na maji yaliyochemka hayana kipindupindu. Lakini maji ya kunywa, yale ya mtungini, aliyopewa mzazi ili apoze kiu ya uchungu na aliyoyanywa mkunga mwenyewe kabla ya kurudi kwake, yalitoka kisimani mabichi. Mkunga alikuwa na dawa katika sufuria moja na sumu katika mtungi wa pili, na hakuwapo mtu duniani wa kumweleza tofauti yao. Nguo zilizochafuka zilifuliwa na wanawake wale wale, karibu na visima vile vile.

Kipindupindu hakikuondoka na karne ile. Kilirejea Zanzibar mwaka 1978, na kikawa kinapotea na kuzuka upya. Mwanzoni mwa 2009 ilifanyika Unguja na Pemba kampeni ya chanjo ya kunywa katika shehia zilizokuwa zikisumbuliwa zaidi. Walialikwa watu 48,178, na karibu nusu yao walikunywa dozi zote mbili. Waja wazito walitolewa katika mpango huo kwa tahadhari, kwa kuwa chanjo ilikuwa haijapimwa vya kutosha kwao. Wako miongoni mwao walioinywa bila kujua kuwa wana mimba, na watafiti waliowafuatilia baadaye hawakuona madhara kwa uzazi wao. Katika kampeni hiyo ilionekana pia kwamba hata wasiochanjwa walipata ahueni pale ambapo majirani wengi walikuwa wamechanjwa. Kwa maneno mengine, mja mzito aliyeachwa nje ya kinga aliweza kukingwa na jirani yake.

MKONO

Kipindupindu cha 1869 kilikuwa hakijasahauliwa vizuri pale Unguja ilipoingiliwa na maradhi mengine, mwaka 1870. Haya hayakuua kwa wingi, bali yalilaza mji mzima: homa kali, vipele, na maumivu ya viungo yaliyomkunja mtu kama mzee. Watu wazima waliyatambua, wakasema yalikwisha kuja katika utoto wao, karibu miaka hamsini nyuma, na wakayaita kwa jina lake: kidinga popo. Christie aliliandika jina hilo na kulipeleka katika majarida ya utabibu ya Uingereza. Kutoka Zanzibar homa ile ilivuka mpaka Aden na India, na wapo wataalamu wanaoona kwamba jina la homa ya dengue linalotumika duniani lina asili yake katika neno hilo la Kiswahili.

Jina lilienda njia moja na ugonjwa pengine ukaenda nyingine. Watafiti wa baadaye, wakizisoma upya dalili alizozieleza Christie, hasa yale maumivu ya viungo yasiyokwisha upesi, wamesema kwamba kidinga popo ya 1870 inafanana zaidi na chikungunya. Virusi vya chikungunya vilikuja kutambuliwa kusini ya Tanganyika katika mlipuko wa 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika.

Msomaji anaweza kuuliza, haya yanamhusu nini mkunga? Yanamhusu katika mkono wake. Chikungunya hukamata vidole, vifundo na viwiko, na mtu huweza kukaa wiki au miezi asiweze kukamata kikombe sawasawa. Mkunga hana chombo kingine. Mkono wake ndio jicho lake, ndio mizani yake, ndio kinachojua kichwa kimegeuka au hakijageuka. Daktari mwenye homa anaweza kuandika dawa akiwa kitandani. Mkunga aliyekunjika vidole amenyang'anywa elimu yake yote kwa siku moja, na wazazi wake hawawezi kuahirisha.

Hadithi hii si ya zamani tu. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu. Kulikuwa na ukame, na watu walikuwa wakihifadhi maji majumbani, katika mapipa, mitungi na mabirika, ambamo mbu walizaana. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionesha kwamba kiasi cha robo tatu ya wakaazi wa mji waliambukizwa. Hebu tulisome tena fungu hilo kwa jicho la chumba cha uzazi: katika kila wanawake wanne, watatu. Katika kila wakunga wanne, watatu. Ugonjwa ukashuka Mombasa, mwaka 2005 ukafika Ngazija, kisha ukavuka mpaka kisiwa cha Réunion, ambako katika 2005 na 2006 uliwashika zaidi ya theluthi moja ya watu.

Ni huko Réunion ambako madaktari walieleza kwa mara ya kwanza jambo ambalo huenda wanawake wa Unguja ya 1870 waliliona wasipate wa kumwambia: mama anayejifungua akiwa na homa hiyo mwilini anaweza kumwambukiza mtoto katika saa zile zile za uzazi, na kwa upasuaji au bila upasuaji hatari ni moja. Karibu nusu ya watoto waliozaliwa katika hali hiyo waliambukizwa, baadhi yao vibaya sana. Hapa mkono wa mkunga hauna kosa, lakini hauna kinga pia. Aliyepokea mtoto mzima jioni aliitwa siku chache baadaye kumtazama mtoto asiyetaka kunyonya.

PUMZI

Maradhi ya tatu ni ya pumzi, na hayo ndiyo yanayomweka mkunga katika mtihani mgumu kuliko yote, kwa kuwa uzazi wenyewe ni kazi ya pumzi. Tangu zamani maneno ya mkunga ni machache na hayabadiliki: vuta pumzi, ngoja, sukuma. Uso wake uko karibu na mzazi anayehema, anayepiga kelele, anayekohoa, kwa saa sita, kumi, au usiku kucha.

Homa ya mafua makali ya 1918 iliingia Afrika ya Mashariki kupitia bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba, kisha ikafuata reli na njia za askari na wapagazi wa vita vilivyokuwa vikielekea ukingoni. Ilikuwa na tabia moja mbaya: iliwachagua watu wa umri wa nguvu, na katika hao waja wazito walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Huko Marekani daktari John Harris alikusanya mwaka 1919 habari za waja wazito 1,350 waliougua homa hiyo, akakuta zaidi ya robo walikufa. Pwani yetu haikuwa na wa kuwahesabu wanawake wake kwa namna hiyo. Wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa upagazi na hawajarudi, na vijiji vilikuwa mikononi mwa wanawake na wazee. Mwanamke aliyejifungua katika miezi ile alizaa katika nyumba ambayo wote walikuwa wanakohoa.

Katika mwaka huo huo wa 1918 iliundwa Zanzibar jumuiya ya hiari ya kuwahudumia wazazi, na kutoka hapo hadithi ya uzazi wa visiwani ikaanza kuwa na kurasa mbili: mkunga wa spitali, mwenye cheti na vazi jeupe, na mkunga wa jadi, ambaye kwa wakubwa wa serikali alikuwa ni alama ya ujinga. Yapo maneno mengi ya kusema juu ya miaka iliyofuata, lakini kwa ufupi ni hivi: mkunga wa jadi alidharauliwa na wakoloni, kisha baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 akakumbukwa na kupewa mafunzo na kijisanduku cha vifaa, kisha kuanzia miaka ya tisini akaambiwa aache kuzalisha na kazi yake iwe kumsindikiza mzazi mpaka kituo cha afya.

Ushauri huo wa mwisho haukuwa wa uonevu, na hatuwezi kuandika historia ya mkunga kwa kumpamba. Mzazi anayemwaga damu nyingi, mwenye kifafa cha mimba, au ambaye mtoto amekwama, haokolewi kwa mikono mitupu, hata iwe ya bingwa gani. Anahitaji dawa, damu na chumba cha upasuaji. Bibi zetu walizikwa kwa kukosa mambo hayo, na mkunga mwenye haki ndiye anayelijua hilo kuliko sisi. Ila ushauri ule ulijengwa juu ya sharti moja ambalo halikuandikwa: kwamba njia ya kwenda spitali itakuwa wazi.

Mwaka 2020 njia ilifungwa.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutangaza mwaka huo kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, kwa kutimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale. Tarehe 11 Machi shirika hilo hilo lilitangaza kwamba UVIKO-19, au Korona kama mitaa ilivyoiita, ni janga la dunia nzima. Siku chache baadaye ikawa imeshafika Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar. Sherehe za wakunga zikageuka kuwa zamu zisizokwisha.

Kenya iliweka amri ya kutotoka usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, kutoka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Jioni ya siku hiyo ya kwanza, kivukoni Likoni, polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi watu waliokuwa wakingoja feri ili warudi makwao. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa, mtu asiingie wala asitoke. Tarehe 6 Mei ikafuata amri ya kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa. Uchungu wa uzazi haujui amri ya usiku, na wengi hushikwa baada ya jua kuzama. Mwanamke wa Likoni aliyeona picha za kivukoni alipaswa kuchagua baina ya rungu na mlango wa jirani. Wengi walichagua mlango wa jirani, nyuma yake kukiwa na yule bibi aliyeambiwa asizalishe tena.

Jambo hili halikuwa la pwani peke yake. Nairobi, daktari kijana wa hospitali kuu ya taifa, Jemimah Kariuki, aliona idadi ya wazazi wodini imepungua ghafla, huku wanaofika wakifika wamechelewa na wamezidiwa. Hakusema kwamba wanawake wameacha kuzaa. Aliuliza wamekwama wapi, kisha akaanzisha huduma ya magari ya bure ya kuwachukua usiku. Swali lake ni fupi, na ndilo ambalo Christie hakuliuliza mwaka 1869.

Ndani ya spitali nako mtihani ulikuwa ule ule. Mkunga aliambiwa avae barakoa, gauni na miwani, na vifaa hivyo havikutosha mahali pengi, hata wengine wakajishonea vya kitambaa. Aliambiwa aweke masafa na mgonjwa, wakati kazi yake ni kumshika. Kwingi ndugu wa mzazi walizuiwa mlangoni, kwa hiyo mkunga akawa ni mama, shangazi na somo kwa pamoja, uso wake ukiwa umefunikwa asiweze hata kuonesha tabasamu. Katika nchi nyingi wakunga walieleza khofu ya aina moja: si khofu ya kufa wao, bali ya kurudi nyumbani na ugonjwa. Walivua nguo uani, wakaoga kabla ya kugusa watoto wao, wakalala chumba cha peke yao. Wengine walikwepwa na majirani njiani, na majirani hao hao wakawapigia simu usiku binti yao aliposhikwa na uchungu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba baina ya Januari 2020 na Mei 2021 walikufa kwa UVIKO-19 wafanyakazi wa afya baina ya 80,000 na 180,000 duniani kote. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa 2025 yanasema kwamba vifo vya wanawake kwa sababu ya mimba na uzazi vilipanda kutoka 282,000 mwaka 2020 mpaka 322,000 mwaka 2021. Nyongeza hiyo ni roho 40,000 katika mwaka mmoja. Wapo waliouawa na ugonjwa wenyewe, na wapo waliouawa na mlango uliofungwa. Na chanjo za Korona zilipojaribiwa kwa mara ya kwanza, waja wazito waliachwa nje ya majaribio hayo, kama walivyoachwa Unguja na Pemba mwaka 2009. Wakunga walikuwa wakiulizwa na wazazi wao kila siku: nichanje au nisichanje? Na kwa miezi mingi hawakuwa na jibu la kutegemea, kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kulitafuta hawakulitafuta mapema.

DENI

Mtu akiyapanga maradhi haya pamoja ataona kwamba kila moja lilipita katika chombo cha mkunga mwenyewe: kipindupindu katika maji yake, kidinga popo katika mkono wake, mafua na Korona katika pumzi yake. Kwa hiyo kwake maradhi hayakuwa habari ya kusikia. Yalipita ndani ya kazi yake, na hakuweza kuyakimbia ila kwa kuikimbia kazi. Ataona pia mzunguko unaojirudia. Njia ikifungwa, huitwa. Njia ikifunguliwa, husahauliwa au hulaumiwa. Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba dunia ina upungufu wa wakunga 900,000. Pengo la namna hiyo haliletwi na ugonjwa wa mwaka mmoja, bali na dharau ya miaka mingi.

Tungo zetu zimemwimba mama mpaka hakuna sifa iliyobaki. Si rahisi kumkuta mkunga katika tungo hizo, isipokuwa anapopita mlangoni. Pengine ni kwa sababu ya ile kunga yake, kwamba heshima ilitaka asitajwe. Heshima hiyo ina gharama. Mkunga wa 1869 tumempoteza kabisa. Imetubidi tumkisie kutokana na sufuria na mtungi wake. Wa 1918 naye ameondoka. Wa Lamu ya 2004 na wa Pemba, Unguja, Mombasa na Kilifi ya 2020 bado wako, ingawa wengine ni wazee na maradhi yamewachosha. Anayeweza kuwaendea na daftari, kwa adabu na kwa idhini yao, bila kudai siri ambayo si ya kutolewa, basi na aende. Awaulize waliitwa saa ngapi, walipita njia gani, walivaa nini, nani aliwafungulia mlango, mtoto alilia au hakulia, na waliporudi kwao nani aliwapokea.

Kwani maradhi mengine yatakuja, na siku yatakapoingia, katika usiku ule ule wa kwanza, pahala fulani mtu atagonga mlango wa mkunga. Ni vyema atakayegonga awe anajua jina la mwenye nyumba.